Kitufe na Ushahidi: Maadili ya Kuuliza na Kukadiria

Kila mtu anapoombwa kukadiria huduma kwa kugusa nyota au dole gumba kwenye kioo cha simu, huzuka swali la kimaadili ambalo umri wake unaipita simu yenyewe kwa mbali: hukumu inayotoka hapo ni ya nani, ya yule aliyegusa, au ya yule aliyeamua kabla yake kwamba majibu yatakuwa mawili au matano, kwamba yataonekana na watu wote au yatafichwa, na kwamba sababu itaulizwa au haitaulizwa? Kitufe cha kukadiria, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni alama yoyote ambayo mtu huiteua ili kuonyesha kadiri ya kuridhika kwake bila kulazimika kuandika wala kusema. Mrejesho ni taarifa inayomrudia mtoa huduma kutokana na uteuzi huo. Na usanifu wa kitufe ni jumla ya maamuzi yaliyofanywa kuhusu idadi ya alama, sura na rangi yake, mahali ilipowekwa, na yale yanayofuata baada ya kuiteua. Hoja inayotetewa katika insha hii ni kwamba kukadiria ni aina ya ushahidi, kwamba kwa sababu hiyo kunabeba wajibu ambao dini na falsafa zimemwekea shahidi, na kwamba sehemu kubwa ya wajibu huo humwangukia anayeuliza, kwa kuwa ndiye mwenye uwezo wa kumfikisha shahidi mahali ambapo hawezi kusema kweli bila kumdhuru mtu asiyestahili kudhuriwa.

Kwamba usanifu hubadili majibu ni jambo lililothibitishwa na kampuni zilizoishi kwa vitufe hivyo. Mwaka 2009 YouTube ilitangaza kwamba takriban ukadiriaji wote uliokuwa ukitolewa kwenye video zake ulikuwa wa nyota tano, huku nyota za katikati zikiwa hazina wateuzi wa kutosha, na mwaka uliofuata ikaziondoa nyota na kuweka alama mbili tu, ya kupenda na ya kutopenda. Netflix ilifanya mabadiliko kama hayo mwaka 2017 na kueleza kwamba majaribio yake yalionyesha kiasi cha ukadiriaji kikiongezeka kwa asilimia 200. Upo pia utafiti uliochapishwa na Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor katika jarida la Science mwaka 2013, ambapo maoni yaliyopewa kura moja ya bandia ya kuunga mkono mara tu yalipoandikwa yalimaliza yakiwa na wastani wa alama uliozidi wa maoni mengine kwa asilimia 25, ingawa ubora wake haukutofautiana, ilhali kura ya bandia ya kupinga ilielekea kusahihishwa na waliofuata. Waliokuja baadaye waliamini kwamba wanapima maoni, kumbe kwa kiasi fulani walikuwa wakimfuata aliyewatangulia, na huyo aliyewatangulia hakuwapo.

Afrika Mashariki ililijua jambo hili kabla ya intaneti, kwa sababu karatasi ya kura nayo ni kitufe. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958, ambao awamu yake ya kwanza ilifanyika mwezi Septemba na kulihusisha Jimbo la Tanga, lililozijumuisha Handeni na Korogwe, mpiga kura alitakiwa kuchagua wagombea watatu kwa pamoja, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na karatasi isiyotimiza sharti hilo haikuhesabiwa. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na maoni juu ya mgombea mmoja tu alilazimika ama kuyatunga maoni mengine mawili au kuyapoteza yote matatu. TANU, chama kilichopigania uhuru, ilijadiliana kwa uchungu mjini Tabora mwezi Januari mwaka huo kama ishiriki katika utaratibu iliouona kuwa wa dhuluma, ikaamua kushiriki, na wagombea iliowaunga mkono wakashinda. Ushindi huo, hata hivyo, haukuufanya utaratibu uwe wa haki, kwa maana ulionyesha tu kwamba watu wenye umoja wanaweza kupenya katika mlango mbaya.

Mifano iliyofuata inaonyesha sura nyingine za tatizo hilohilo. Mwaka 1965 nchini Tanzania, chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa ubunge katika kila jimbo lenye ushindani walipewa alama za jembe na nyumba ili wasiojua kusoma wapate kuwatofautisha, na ingawa zote mbili zilikuwa alama za vitu vyema, katika nchi ya wakulima haikuwa vigumu kwa mpiga debe kulisifu jembe badala ya kumsifu mwenye jembe. Nchini Kenya, kura ya maoni ya mwaka 2005 kuhusu rasimu ya katiba iliwapa wananchi ndizi kwa Ndiyo na chungwa kwa Hapana. Chungwa likashinda na likazaa jina la vuguvugu la kisiasa lililodumu kwa miaka mingi. Miaka mitano baadaye, alama zikawa rangi, kijani kwa Ndiyo na nyekundu kwa Hapana, yaani rangi ambazo kila msafiri barabarani amekwisha kufundishwa ipi inaruhusu na ipi inazuia. Kabla ya hapo, mwaka 1988, katika mchujo wa chama cha KANU nchini humohumo, wapiga kura walipangwa mlolongo hadharani nyuma ya wawakilishi wa wagombea, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kurudi kwenye kura ya siri. Viongozi wa makanisa walikuwa wamekwisha kuupinga utaratibu huo, kwa hoja kwamba mchungaji anayeonekana amesimama nyuma ya mtu mmoja hawezi tena kuwahudumia waumini waliosimama nyuma ya mwingine.

Kutokana na mifano hiyo yaweza kutenganishwa mambo manne ambayo msanifu huyaamua kwa niaba ya anayejibu: kama mtu anaruhusiwa kunyamaza, alama inamwelekeza wapi kabla hajafikiri, nani atamwona akijibu, na jibu lake litamfanyia nini mtu mwingine. Juu ya mambo hayo husimama misimamo miwili inayopingana. Wa kwanza unashikilia kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ana hiari, na kwamba akidanganya kwa kitufe amedanganya yeye, kama ambavyo angedanganya kwa ulimi. Wa pili unashikilia kwamba pale chaguo lilipoandaliwa na mwingine, hiari imebaki jina tu, na lawama zote ni za mwandalizi. Msimamo wa kwanza unasahau kwamba hakuna anayejibu swali ambalo hakuulizwa. Wa pili unasahau kwamba hata katika mlolongo wa mwaka 1988 wapo waliokataa kupanga foleni. Panahitajika njia ya tatu, itakayoueleza wajibu wa kila upande bila kuufuta wa mwenzake, na njia hiyo haiwezi kupatikana bila kuchunguza kwanza madhara halisi yanayotokea kitufe kinaposanifiwa vibaya.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa dereva wa teksi za mtandaoni, huduma ambayo ilifika Dar es Salaam mwaka 2016. Abiria hupewa nyota tano za kuchagua, na kwa maana ya kawaida ya kipimo nyota tatu zingekuwa safari ya wastani na nne safari nzuri. Lakini kampuni za aina hii huweka kiwango cha wastani ambacho dereva akishuka chini yake akaunti yake yaweza kufungwa, na kiwango hicho kwa desturi kiko juu ya nne. Abiria anayelijua hilo na aliyesafirishwa vizuri tu, bila la ajabu, hujikuta kati ya mambo mawili: akiteua nne amesema kweli na amempunguzia mtu riziki kwa kosa ambalo hakulitenda, akiteua tano amemhurumia na amesema zaidi ya anachokijua. Wengi huteua tano. Je, wametoa ushahidi wa uongo? Mtu aweza kujibu kwamba maana ya alama huwekwa na mapatano ya watumiaji wake, na kwamba ikiwa wote wamekubaliana kimyakimya kuwa tano ni kusema hapakuwa na tatizo, hakuna aliyedanganywa. Jibu hilo ni sahihi kwa upande wa abiria, lakini linafichua kosa la upande wa pili, kwa kuwa aliyekitengeneza kipimo amekitengeneza kwa namna ambayo ukweli na huruma, sifa mbili zinazopaswa kukaa pamoja katika moyo wa shahidi mwema, zimegeuzwa kuwa mahasimu.

Elimu ya Kiislamu ina tajiriba ndefu ya kukadiria watu, na inafaa kuizingatia kwa makini kwa sababu ilikabiliana na tatizo hilihili. Wanavyuoni wa hadithi walihitaji kujua ni mpokezi gani wa maneno ya Mtume anayeaminika na nani asiyeaminika, wakaanzisha elimu ya jarhi na taadili, yaani elimu ya kumtia mpokezi dosari au kuthibitisha uadilifu wake. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki Kairo mwaka 1449, aliwapanga wapokezi katika daraja kumi na mbili ndani ya kitabu chake Taqrib al-Tahdhib, kuanzia masahaba hadi waliotuhumiwa kuzua, na mara nyingi hukumu ya mtu mzima ilifumbatwa katika neno moja au mawili: mwaminifu, mkweli, dhaifu, aliyeachwa. Kwa sura ya nje, hicho ni kipimo cha nyota.

Tofauti iko katika masharti. Mkadiriaji mwenyewe alitakiwa kuwa mwadilifu, mwenye elimu ya sababu za kumtia mtu dosari na asiyejulikana kwa chuki dhidi ya anayemkadiria, na kwa hiyo hukumu ya mtu dhidi ya mshindani wake wa zama zake ilipokewa kwa tahadhari. Zaidi ya hayo, Ibn al-Salah, aliyefariki mwaka 1245, alieleza kwamba kauli iliyo sahihi na mashuhuri ni kukubali taadili bila kudai sababu, na kutokubali jarhi mpaka sababu yake ibainishwe. Hoja yake ina mantiki ya kina: mambo yanayomfanya mtu kuwa mwema ni mengi mno, na mwenye kumsifu angelazimika kuorodhesha kila alilolitenda na kila aliloliacha, ilhali dosari moja inatosha kutajwa, tena watu hutofautiana kuhusu kinachohesabiwa kuwa dosari, kiasi kwamba mmoja aweza kumkataa mpokezi kwa jambo ambalo mwingine halioni kuwa kosa kabisa. Kitufe cha kisasa huifuta tofauti hiyo, kwa kuwa nyota moja na nyota tano hugharimu mguso uleule, na anayeangusha mtu haulizwi chochote ambacho anayemwinua hakuulizwa.

Sharti la pili linahusu anayesikia. Sura ya al-Hujurat imekataza kusengenya kwa ukali unaojulikana na kila mwanafunzi wa madrasa, na an-Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, ametaja hali sita ambamo kumtaja mtu kwa baya kunaruhusiwa kwa haja ya kisheria, mojawapo ikiwa ya aliyedhulumiwa kumlalamikia dhalimu wake kwa mwenye mamlaka ya kumpatia haki, na nyingine kuwatahadharisha watu na shari inayowahusu. Katika hali ya kwanza, uhalali wa maneno umefungamana na anayeambiwa: lalamiko halali ni lile linalompelekea habari mtu awezaye kulitatua. Ukadiriaji unaobandikwa hadharani unachanganya lalamiko na tahadhari, na mara nyingi humfikishia kila mtu habari ambayo wachache tu wana haja nayo, huku yule mwenye uwezo wa kurekebisha akipata tarakimu isiyomwambia arekebishe nini.

Ukristo nao umelitazama suala hili kama suala la hatua. Injili ya Mathayo, katika sura ya 18, inamwelekeza aliyekosewa amwendee kwanza mkosaji peke yake, asiposikilizwa amchukue mtu mmoja au wawili, na mwisho ndipo alipeleke jambo mbele ya kanisa. Huo ni usanifu wa mrejesho uliofikiriwa kwa uangalifu, kwa maana kila hatua humpa mkosaji nafasi ya kujibu na kujirekebisha kabla aibu yake haijapanuka, na hadhara, ambayo mtandao umeifanya kuwa hatua ya kwanza, imewekwa kuwa ya mwisho. Katika eneo la Handeni na Korogwe, ambako misikiti na makanisa, yakiwamo yale yaliyotokana na misheni ya Waanglikana iliyofika Magila na kuenea hadi Korogwe, yamekuwa jirani kwa zaidi ya karne moja, mapokeo haya mawili yanakutana katika kanuni moja ya kivitendo: anayemshuhudia mwenzake vibaya lazima ajulikane anasema nini, anamwambia nani, na mwenzake anapata wapi nafasi ya kujibu.

Yaweza kupingwa kwamba kanuni hiyo inawafaa wenye sauti, na kwamba kwa wanyonge ni mzigo. Pingamizi hili ni zito na halifai kupuuzwa. Katika kijiji cha Tanzania, chombo kikuu cha wananchi kutoa maoni juu ya wanaowaongoza ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ya Serikali za Mitaa ni wa wakazi wote waliotimiza miaka kumi na minane, na ambamo taarifa za mapato na matumizi husomwa na kuhojiwa. Humo mtu huuliza kwa kinywa chake, hujibiwa papo hapo, na jirani zake wana uwezo wa kumsahihisha. Kwa upande huo mkutano unatimiza karibu kila sharti lililotajwa. Julius Nyerere aliona katika mazungumzo ya namna hiyo, yanayoendelea mpaka watu wakubaliane, kiini cha demokrasia ya jadi ya Kiafrika, na mwanafalsafa wa Ghana Kwasi Wiredu aliitetea fikra ya maafikiano kwa hoja kwamba kuhesabu kura huonyesha nani ni wengi bila kuonyesha nani amesikilizwa. Lakini mkutano huohuo una usanifu wake: anayekopa mbegu kwa mwenyekiti, binti aliyelelewa kutopaza sauti mbele ya wakwe zake, na mgeni aliyehamia juzi, wote wanajua gharama ya kunyoosha mkono mbele ya macho yaleyale watakayokutana nayo kisimani kesho. Kitufe kilichofichwa humkomboa mtu huyo kutoka katika gharama hiyo, na lawama kwa kitufe isiyolikiri jambo hili ni lawama ya aliyeketi mbele.

Kwa hiyo usiri na uwazi, kila mmoja kwa nafasi yake, ni mali ya haki, na kosa ni kuvichagua bila kuuliza nani ana nguvu juu ya nani. Mwananchi anayemkadiria mwenye ofisi anahitaji kufichwa; mwenye ofisi anayemkadiria mwananchi hahitaji, na vivyo hivyo kampuni inayomhukumu dereva wake. Mwaka 2008 eBay iliwaondolea wauzaji uwezo wa kuwapa wanunuzi alama mbaya, baada ya kubainika kwamba wanunuzi waliogopa kusema kweli wasije wakalipiziwa. Uamuzi huo ulikiri kwamba jibu la mtu haliwezi kutenganishwa na hofu yake, na kwamba kazi ya msanifu ni kuipunguza hofu ya mnyonge kabla ya kuyaamini majibu yake.

Mfano wa Tanzania unaostahili kutajwa ni e-Mrejesho, mfumo uliotengenezwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambao humwezesha mwananchi kuwasilisha kwa taasisi ya umma malalamiko, mapendekezo, maulizo au pongezi, na ambao hupatikana pia kwa simu ya kawaida isiyo na intaneti. Mgawanyo huo una maana kubwa zaidi ya kifalsafa kuliko unavyoonekana, kwa sababu anayeingia humo haulizwi ameridhika kwa kiasi gani, jambo ambalo lingemtaka ayabane mambo mengi katika tarakimu moja. Anaulizwa anataka kutenda nini kwa maneno yake, na maneno yake yanamwendea mwenye mamlaka juu ya jambo lenyewe. Pongezi haikadiriwi kama kinyume cha lalamiko, na aliye na swali tu halazimiki kujifanya ana hukumu. Ubora wa mfumo wowote wa aina hii, bila shaka, huamuliwa na kama taasisi inajibu. Mlango uliogawanywa vizuri ambao nyuma yake hakuna mtu hufundisha watu kunyamaza kwa ufanisi kuliko ukuta.

Kutokana na yote hayo wajibu wa pande mbili waweza kuelezwa bila kuchanganywa. Anayejibu anawajibika kwa nia yake na kwa ujuzi wake: asiseme asichokishuhudia, asimwangushe mtu kwa hasira ya siku moja, na pale anapotoa hukumu mbaya aandike sababu hata kama hakuulizwa. Anayeuliza anawajibika kwa mambo ambayo anayejibu hana uwezo nayo: aweke nafasi ya kusema sijui, asionyeshe hukumu za waliotangulia kabla ya aliyefika hajatoa yake, adai sababu kwa kila anayetia dosari, amfahamishe anayekadiriwa na kumpa nafasi ya kujibu, na atangaze wazi ni adhabu gani inafuata kila alama. Wajibu huu wa pili ni mzito zaidi, kwa kuwa kosa la anayejibu huharibu jibu moja, ilhali kosa la anayeuliza huharibu majibu yote na kuyafanya yaonekane kuwa ni sauti ya watu.

Mtihani wa usanifu wowote wa kukadiria, basi, waweza kufupishwa katika swali moja ambalo halihitaji utaalamu wa kompyuta: je, mtu mkweli na mwenye huruma anaweza kukitumia kitufe hiki bila kuacha sifa mojawapo kati ya hizo mbili? Ikiwa hawezi, wingi wa majibu yaliyokusanywa hauongezi chochote kwenye ujuzi wa aliyeyakusanya, na asilimia zinazotangazwa kutokana nayo ni ushahidi juu ya kitufe chenyewe kuliko juu ya huduma iliyokadiriwa. Ikiwa anaweza, hata majibu machache yanayotoka huko yana haki ya kuaminiwa, na aliyeyaomba amefungwa na deni la kuyatendea kazi.